Mwanafunzi wa udaktari akae Lamu mpaka mgonjwa arudi

Wanafunzi wa udaktari ninaowapokea hushuka jetini na begi la magurudumu (vichochoro vya Lamu vitawafunza wenyewe), na wiki nne baadaye huondoka nalo. Daftari lao nimelitia sahihi: kuzalisha, kushona jeraha, presha, sukari, malaria. Sahihi zote ni za haki. Ila hakuna hata mgonjwa mmoja waliyemwona mara tatu.

Nami nilisomeshwa hivyo. Nikiwa mwaka wa tano nilimlaza mtoto wa nimonia Jumatano usiku. Ijumaa kundi letu likahamishiwa wodi ya upasuaji. Mpaka leo sijui kama alipona.

Masomo yetu ya wodini hukatwa vipande: watoto, kisha uzazi, kisha upasuaji. Mfumo ninaoupigia debe haukati. Mwanafunzi hukaa mahali pamoja miezi mingi, na asubuhi moja anaona mama mjamzito, mvuvi aliyechomwa na samaki taa na mzee wa sukari, kwa sababu ndivyo wanavyokuja. Mimba ni wiki 40. Wa wiki nne ameonja sehemu ya kumi.

Si jambo geni. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza mwaka 1971 kuwaweka wanafunzi miezi tisa kwa madaktari wa mashambani. Chuo Kikuu cha Flinders cha Australia kikafuata mwaka 1997 katika eneo la Riverland, na mwaka 2004 Paul Worley wa chuo hicho na wenzake wakachapisha matokeo ya mitihani: waliosomea huko hawakuachwa nyuma na wenzao wa hospitali kuu. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi kina mpango wake wa COBES wa kuwapeleka wanafunzi kwa jamii, ila kwa vipindi vifupi.

Nimebahatika kukaa na mmoja miezi saba, kijana wa bara aliyefika Januari. Mwezi wa kwanza alimpima mama mmoja wa kisiwa cha Pate, presha 170 kwa 100. Akataka kumwongezea dawa ya pili. Kitabu kingemuunga mkono. Nikamwambia amtazame kwanza.

Mwezi wa pili, presha ile ile. Mama anaitikia "nanywa, daktari," naye anaandika. Mwezi wa tatu, sikio la kijana lilipokwisha kuzoea lahaja ya huku, "kitwa" (kichwa) na "mato" (macho), akaacha kumuuliza kama anakunywa, akamuuliza anakunywa lini. "Kitwa kikiniuma, mwanangu." Na zinazobaki? Humgawia dada yake, mwenye presha pia, ambaye hukosa boti: mkondo wa Mkanda, njia ya boti, hupitika maji yakijaa, na maji hayaifuati saa ya kliniki. Vidonge vya mwezi mmoja vilikuwa vikitibu nusunusu watu wawili. Angeongeza dawa ya pili, ingegawanywa vile vile.

Ramadhani nayo ilimkuta hapa. Aliketi na wagonjwa wa sukari kabla ya mfungo, akapanga nani dozi yake ihamie futari na daku, na nani aambiwe waziwazi kwamba mwili wake haufai kufunga. Hilo la mwisho alishindwa kulisema mara ya kwanza. Mara ya pili alilisema vibaya, mzee akanuna. Lakini mzee alirudi, na kijana alikuwa bado yupo.

Gharama ipo, na huwa haisemwi. Miezi miwili ya mwanzo mwanafunzi anakuchelewesha. Foleni inarefuka, wauguzi wananuna kuliko yule mzee. Kisha anaanza kukubebea mzigo, na hapo ndipo wale wa wiki nne huwa wameshaondoka, umebaki na hasara tupu. Tena kuna nyumba ya kulala, hasa kwa msichana aliye peke yake, na nauli ya boti ambayo hakuna bajeti inayoikumbuka. Chuo kisicholipia hivyo kisiniletee mtu wa miezi saba. Na magonjwa adimu atayasoma hospitali kuu, hapa hayapati.

Yule mama alirudi mwezi wa saba, kusi limeshika, nguo zimelowa maji ya bahari. Alikuja na dada yake, kila mmoja na kadi yake. Kijana ndiye aliyewapima. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikimshona mtoto aliyeangushwa na punda.