Asteroidi si jiwe moja gumu: yanayodhaniwa na yaliyopimwa

Dhana: chombo cha anga kikipita bila kutua, huambulia picha tu.

Picha zipo, ila siri kubwa huja kwa redio. Tarehe 27 Juni 1997, chombo cha NASA kiitwacho NEAR kilipita kilomita 1,212 kutoka Mathilde, asteroidi (yaani gimba la mawe linalozunguka Jua), kikienda karibu kilomita 10 kwa sekunde. Mvutano wa Mathilde ulikivuta kidogo mno. Hata hivyo mwendo wake ulibadilika, na masafa ya mawimbi ya redio yaliyopokewa duniani yakabadilika nao, kama king'ora cha gari kinavyobadili mlio likikupita. Badiliko hilo likatoa tungamo la Mathilde, yaani kiasi cha mata iliyomo, nazo picha zikatoa ujazo wake. Ukigawanya la kwanza kwa la pili unapata densiti. Mzigo umepimwa bila kupandishwa kwenye mizani.

Dhana: asteroidi ni jiwe moja gumu.

Densiti ya Mathilde ilikuwa gramu 1.3 tu kwa sentimita ya ujazo, juu kidogo ya maji. Vimondo vyeusi vya kaboni vinavyofanana nayo huwa na karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo takriban nusu ya Mathilde ni mianya mitupu. Usifikirie pango, fikiria kifusi kilichomwagwa na lori. Hapo ndipo picha zinapoeleweka: shimo liitwalo Karoo lina upana wa kilomita 33, wakati Mathilde yenyewe ina wastani wa kilomita 53 tu. Ilipigwa hivyo, tena zaidi ya mara moja, na haikusambaratika. Kifusi hulimeza pigo, kama ngumi inavyopotelea kwenye gunia la pamba.

Dhana: basi zote ni kifusi.

Hili ni kosa la aliyesoma nusu ya habari. Julai 2010 chombo cha Ulaya, Rosetta, kilipita karibu na asteroidi Lutetia na kukuta densiti ya 3.4, kubwa kuliko ya matale.

Dhana: ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, umesongamana, chombo hupenya kwa kukwepakwepa.

Ni peupe. Chombo cha NASA, Galileo, kilibidi kielekezwe kwa makusudi ndipo kikutane na asteroidi Gaspra mwaka 1991.

Dhana: kila asteroidi hupimika kwa kuvuta chombo.

Ndogo hazina nguvu hiyo. Dinkinesh, ambayo upana wake haufiki kilomita moja, ilipitiwa na chombo Lucy tarehe 1 Novemba 2023. Bahati nzuri ilikutwa na mwezi ambao hakuna aliyeutarajia, wenye vipande viwili vilivyoegemeana. Mwezi huo huizunguka kwa takriban saa 53, umbali wa kilomita 3.1, na mzunguko huo ukatosha kukadiria densiti: 2.4. Dinkinesh ni jina la Kiamhari la mifupa ya kale iliyopatikana Ethiopia mwaka 1974, ile ambayo dunia huiita Lucy. Mwezi ukapewa jina Selam, yaani amani. Mswahili hahitaji mkalimani hapo.