Mwajiri akikata rufaa dhidi ya mafao yako

Mama mmoja hapa Fort Worth, Texas, aliniletea bahasha aliyokaa nayo siku nne. Alikuwa ameachishwa kazi ghalani kwa madai ya kuchelewa, akaomba mafao ya ukosefu wa ajira, akakubaliwa, akaanza kulipwa. Sasa mwajiri amekata rufaa. Mama aliposikia neno rufaa alidhani ameshitakiwa, akaacha kuomba malipo. "Niwaachie pesa yao, mwanangu, nisije nikafungwa."

Hakushitakiwa. Na kuacha kuomba malipo ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu naliona kila mwezi.

Mafao haya yalianza nchi nzima na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, na kila jimbo la Marekani lina mfuko wake. Hapa Texas mfuko unajazwa na kodi ya waajiri, si makato ya mshahara wako. Wafanyakazi wa zamani wa kampuni wakilipwa mafao, kodi ya kampuni hiyo inaweza kupanda. Basi kampuni nyingi kubwa hukodi mawakala wa kuwakatia rufaa, na wakala huyo hata sura yako haijui.

Rufaa ya mwajiri peke yake haikuzimii malipo. California ilikuwa na utaratibu wa kuyasimamisha papo hapo mwajiri anapokata rufaa, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaukataa. Kwa hiyo endelea kuomba malipo kila unapotakiwa, kwa hapa kwetu kila wiki mbili, na endelea kutafuta kazi na kuandika ulikoomba. Wiki usiyoiombea unaweza kuikosa hata ukishinda. Nakwambia na upande wa pili pia: ukishindwa, unaweza kudaiwa ulichokwisha kupokea. Mwenye uwezo wa kuweka akiba kidogo, aweke.

Rufaa husikilizwa kwa simu. Kuna afisa wa jimbo, kuna mwajiri, kuna wewe. Mnaapa, mnarekodiwa. Usipoingia kwenye simu, afisa atasikia upande mmoja na kuamua kwa huo. Nyaraka zako, kama ujumbe wa simu kutoka kwa supavaiza, barua ya kuachishwa au cheti cha daktari, zitume mapema kwa afisa na kwa mwajiri pia. Ukizishika mkononi siku ile, afisa hatazihesabu. Mwambie afisa mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hulipii kitu. Usimtumie mtoto wako.

Sasa nikae kidogo kwenye lugha, maana hapa ndipo watu wetu wanapopotezea haki.

Aliyeachishwa kazi, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kosa. Aliyeacha mwenyewe, mzigo unahamia kwake: aeleze sababu nzito inayohusu kazi. Wengi wetu tukisimulia tunasema tu "niliacha pale mwezi wa tatu", tukimaanisha tuliondolewa. Mkalimani anatafsiri alichosikia. Sema niliachishwa, au sema walinifukuza, bila aibu.

Halafu kuna "nilikosa". Ukisema "nilikosa siku mbili", wewe unamaanisha hukwenda kazini. Mkalimani anaweza kusikia mtu anayekiri kosa. Sema "sikwenda kazini siku mbili, nilipiga simu kabla ya zamu".

Kubwa kuliko yote ni saa. Tulipofanya mazoezi mezani kwangu, nilimuuliza yule mama alifika saa ngapi siku ya mwisho. "Saa moja kasoro dakika tano." Zamu yake ilianza saa moja asubuhi, yaani aliwahi. Lakini mkalimani asiye makini angetaja namba moja kama ilivyo, na kwa saa za Kizungu hiyo ni mchana, karibu muda wa saa sita tangu zamu ilipoanza. Nikamwambia atasema "asubuhi, kabla ya zamu kuanza", na namba aitaje kama ilivyo kwenye saa ya ukutani ghalani. Alirudia mara tano, kidole kikigonga meza. Na barua ya wito nayo ilikuwa imeandikwa 9:00 asubuhi. Yeye aliisoma saa tisa.

Jibu swali uliloulizwa, kuhusu tukio la mwisho lililosababisha uachishwe. Uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe yana uzito kuliko ripoti inayosomwa na mtu wa ofisini ambaye hakuwepo. Waulize maswali: "Ulikuwepo siku hiyo?" Una haki hiyo. Na kushindwa kazi si lazima kuwe utovu wa nidhamu. Mwaka 1941, katika kesi ya dereva wa teksi, Mahakama ya Juu ya Wisconsin ilitofautisha anayepuuza kwa makusudi maslahi ya mwajiri na aliyeteleza au asiyeiweza kazi vizuri, na majimbo mengi yamefuata njia hiyo.

Uamuzi huja kwa maandishi. Ukishindwa, Texas inakupa siku 14 za kalenda kupeleka rufaa kwa makamishna wa jimbo, ngazi inayofuata ya rufaa, na zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si ulipoifungua. Huko kwa kawaida wanapitia rekodi ya simu ile ile, kwa hiyo yote uliyonayo yaseme siku ya kwanza. Yule mama, siku nne za bahasha zilikuwa bado hazijamharibia kitu. Tulianza na malipo: kabla hajaondoka kwangu, aliomba wiki zake mbili.