Samaki "msafishaji" wa akwaria: hesabu vijiti vya pezi kabla ya kulipa

Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kajibandika kwenye kioo kwa mdomo, na muuzaji ana sifa moja tu ya kumpa: atakusafishia tanki. Asilosema ni kwamba kidole hicho kikitunzwa vizuri hufika sentimita 40 na kuendelea, na huishi zaidi ya miaka 10.

Huyu ni kambare, ingawa hafanani na kambare wetu anayeteleza. Mwili wake umevikwa deraya ya vibao vya mfupa vilivyopangwa safu kwa safu hadi mkiani. Familia yake, Loricariidae, ina spishi zaidi ya 900, na zote asili yake ni Amerika ya Kusini na eneo dogo la Amerika ya Kati. Afrika hakuna hata mmoja wa asili. Ngogo wa maziwa yetu ana fuvu gumu na miiba ya kuchoma, lakini ubavu wake ni ngozi tupu.

Madukani karibu wote huitwa pleko, kutokana na Hypostomus plecostomus, spishi iliyoelezwa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Kwa kawaida, hata hivyo, unayeuziwa ni Pterygoplichthys, jamaa yake wa familia hiyohiyo, aliyezalishwa kwenye mabwawa ya wafugaji. Kuwatofautisha ni rahisi. Subiri asimamishe pezi la mgongoni, uache ule mwiba mgumu wa mbele, kisha uhesabu vijiti laini vinavyofuata. Vikiwa saba, huyo ni Hypostomus au Ancistrus. Vikiwa tisa au zaidi, mara nyingi 10 hadi 14, ni Pterygoplichthys, na pezi lake likifunguka ni tanga la jahazi hasa. Rangi zisikupotezee muda. Vitabu husema tumbo lenye madoa yaliyoachana ni P. pardalis na lenye michirizi iliyojipinda ni P. disjunctivus, ila wamechanganyika mno kiasi kwamba mimi sibishani na mtu kuhusu hilo.

Kwa tanki la sebuleni, mtafute Ancistrus. Huishia sentimita 12 hadi 15, na lita 100 zinamtosha. Dume aliyekomaa huota vinyama vyenye matawi juu ya pua. Jike ana vifupi pembeni mwa mdomo, au hana kabisa. Pterygoplichthys mzima hata kwenye lita 500 bado amebanwa.

Joto liwe nyuzi 24 hadi 28. Dar es Salaam na Mombasa mara nyingi maji hukaa hapo bila msaada. Nairobi au Mbeya weka hita. Badilisha robo ya maji kila wiki, na ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue. Chujio liwe na nguvu, kwa sababu samaki huyu anakula sana na kunya sana, na hapo ndipo sifa yake ya usafi inapoporomoka. Mwani anaukwangua kweli, lakini kinyesi cha wenzake hali, na mwani wa tanki dogo huisha upesi. Wengi hufa kwa njaa mbele ya wenye nyumba wanaodhani wanashiba uchafu. Ukiona tumbo limebonyea na macho yamezama, ni njaa hiyo. Mlishe usiku taa zikizimwa: kipande cha tango au boga kilichochomwa uma ili kizame, mchicha uliochemshwa kidogo, vidonge vya mwani. Masalia yatolewe asubuhi. Mwekee pia gogo la kukwangua na pango la kujificha mchana.

Akipanda juu mara mojamoja kugugumia hewa, usihangaike. Tumbo lake lina uwezo wa kufyonza oksijeni. Akirudia kila dakika, maji yamechoka, au umeme umekatika na pampu imesimama. Ukitaka kumhamisha usitumie wavu, maana miiba ya mapezi ya kifuani hunasa na kuumia. Mkinge kwa bakuli la plastiki.

Kupumua hewa huko ndiko kunakomfanya awe balaa akitoka tankini na kuingia mitoni, kwani hustahimili maji machafu yanayoua samaki wengine. Dume huchimba mashimo kwenye kingo za mito ili kutagishia, na kingo hubomoka. Katika bwawa la Infiernillo, Mexico, wavuvi wa tilapia walijikuta wakivuta nyavu zilizojaa samaki huyu na kuchanika. Afrika Kusini ameshaonekana katika mto Nseleni. Kwa hiyo akikuzidi ukubwa, usimtupe mtoni, mtaroni wala kwenye bwawa linalofurika masika. Mrudishe kwa muuzaji, au uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya yako. Na mvuvi atakayemnasa asimrudishe majini: ampige picha ubavuni, tumboni na pezi la mgongoni likiwa limenyooshwa, kisha ampeleke ofisini pamoja na jina la mahali alipomvua.