Naumwa miguu, mbona nimepewa dawa ya kifafa?

Miguu inawaka moto usiku, lakini picha ya mifupa haionyeshi kitu. Naumwa nini?

Neva, yaani mishipa ya fahamu. Mara nyingi chanzo ni kisukari. Wengine huanza baada ya mkanda wa jeshi, au neva imebanwa mgongoni. Wagonjwa wenyewe huyaeleza maumivu yake vizuri: moto, sindano, shoti ya umeme, hata shuka likigusa tu ni maumivu.

Nimeandikiwa gabapentini. Jirani anasema ni ya kifafa. Kwa hiyo nina kifafa?

Huna. Juzi mama mmoja kanimwagia mezani mfuko wa rambo: dawa zote zimo, kasoro vidonge viwili. Binti yake alitafuta jina la dawa kwenye simu, akakuta "kifafa", zikafungiwa kabatini. Miezi mitatu mama halali. Narudia: huna kifafa.

Sasa kwa nini dawa ni ileile?

Ndani ya uti wa mgongo kuna seli zinazopitisha maumivu na nyingine zinazozishikia breki. Neva ikiumia, breki hulegea, na seli za maumivu hujifyatua zenyewe, kama honi ya bodaboda iliyokwama: hakuna anayeibonyeza, na bado inalia. Kwenye kifafa, vurugu inayofanana na hiyo hutokea kwenye ubongo, mtu akaanguka. Huku chini huanguki, unaumia tu. Dawa inayozituliza zile za ubongo huzituliza na hizi.

Wala si majaribio. Kabamazepini, nayo dawa ya kifafa, inatibu maumivu ya neva ya uso tangu miaka ya 1960 (na hao wa uso, wengi huja wameshang'olewa meno mazima, ikidhaniwa ni jino linalouma). Gabapentini iliruhusiwa Marekani kwa kifafa mwaka 1993, na kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi mwaka 2002.

Nimemeza siku tatu, sioni nafuu. Niache?

Usiache. Hii si panadoli. Dozi huanza ndogo, hupandishwa taratibu, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Kizunguzungu na usingizi vikizidi, rudi tupange upya dozi. Usipande pikipiki kuendesha.

Maumivu yameisha. Sasa je, niache?

Usiache ghafla! Ukikata kwa siku moja, maumivu hurudi, usingizi hupotea, jasho hukutoka, na wapo wanaopata degedege. Yaani unakimbia dawa ya kifafa, halafu unaanguka kwa kuikimbia. Hupunguzwa kidogo kidogo, na anayepunguza ni aliyekuandikia, si jirani.

Na diklofenaki ya duka la dawa?

Haisaidii sana maumivu ya neva, na kwa mwenye kisukari inaweza kuumiza figo.

Kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi?

Jamani, hapana. Mguu wenye ganzi hausikii kuungua. Nimeshafunga visigino vilivyobabuka ngozi kwa beseni la nyumbani.

Lini nisisubiri tarehe ya kliniki?

Ukiwa kwenye kabamazepini ukatokwa na vipele au vidonda mdomoni, usimeze kidonge kingine. Njoo siku hiyohiyo na boksi lake. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo kuziba au kukutoka wenyewe, hiyo ni dharura. Usianze na mchua misuli. Kama ni saa nane za usiku, njoo saa nane hiyo.