Blanketi la viraka halikuwa ramani ya watumwa

Ukitafuta mfano wa kale wa kushona blanketi la viraka kwa mkono, hukawii kuambiwa kwamba watumwa waliotoroka kule Marekani walisoma njia kwenye mablanketi yaliyoanikwa uani. Eti mtindo wa "nyumba ya magogo" ukiwa na kiraka cheusi katikati, hapo pana hifadhi. Hadithi tamu, hata mimi niliwahi kuisimulia. Ushahidi ndio haupo.

Ilienea kupitia kitabu cha mwaka 1999 kilichotegemea masimulizi ya mwanamke mmoja wa South Carolina. Frederick Douglass, mmoja wa watumwa hao, alitoroka mwaka 1838, akaandika maisha yake vitabu vitatu. Mablanketi ya ishara hayamo. Na hiyo nyumba ya magogo, vipande vyembamba vikizungushwa mraba mdogo, ilishika kasi miaka ya 1860, utumwa ukiwa ukingoni.

Mwenye hamu ya kazi halisi amtazame Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Blanketi lake la visa vya Biblia, la miaka ya 1880, lina watu na wanyama waliokatwa kwenye vitambaa vingine wakapachikwa juu, kwa mkono na kwa cherehani pia. Kwanza alikataa kuliuza. Shida ilipombana alitaka dola 10, akapewa 5, naye akamweleza mnunuzi maana ya kila picha. Sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Ukitaka kuiga, kata umbo, kunja ukingo ndani kidogo tu, kisha pitisha sindano karibu karibu.