Gari Liliegeshwa, Mbona Limeondoka? Dhana Potofu na Ukweli kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Gari likikutwa mtaroni alfajiri wakati mwenyewe aliliacha juu ya mteremko usiku, maelezo hayachelewi. Mmoja atasema ni mkono wa mtu. Mwingine atasema dereva alikuwa amelewa. Fundi atasema hendibreki imechoka, atakaza kebo, atalipwa chake, na jioni gari litarudi kuegeshwa palepale. Kwetu sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe jambo hili si la kupuuza, maana nyumba, masoko na hata gereji zetu ziko kwenye miinuko. Panda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, pita mitaa iliyo chini ya mlima Loleza, simama Tukuyu: ni nadra kupata sehemu ambapo gari litakaa bila kushikiliwa na kitu. Hoja yangu yote iko hapo. Gari lililoegeshwa huwa limeshikiliwa. Likiondoka, ujue kilichokuwa kimelishikilia kimeachia, na mara nyingi kikitafutwa kinaonekana.

"Lilikaa saa nzima bila kusogea, kwa hiyo breki zilikuwa nzima"

Dhana hii inapotosha wengi kuliko zote, na ndiyo inayozaa hadithi za uchawi. Gari limeegeshwa saa mbili usiku, dereva amekula, ameoga, amelala. Saa nne kinasikika kishindo kwenye ukuta wa jirani. Watu wanajiuliza, kama breki ni mbovu, mbona halikuondoka pale pale? Jibu ni kwamba vitu vinavyolishikilia gari havikai vilevile. Vinabadilika kadiri muda unavyopita.

Chukua joto. Ukiteremka barabara ya Chunya kuja Mbeya mjini huku mguu uko kwenye breki, diski zinachemka na kutanuka. Unafika nyumbani, unavuta hendibreki wakati chuma bado kimetanuka. Kwenye magari ambayo hendibreki hubana diski za nyuma kwa pedi, diski ikipoa inasinyaa kidogo sana, ila kidogo hicho kinatosha kupunguza nguvu ya kubana. Na usiku wa Juni Mbeya, chuma hakichukui muda kupoa. Ukiwa umetoka mteremkoni, vuta hendibreki kwa nguvu, kisha baada ya kama dakika kumi rudi uivute tena. Magari yenye dramu nyuma, zikiwemo IST nyingi, hayasumbuliwi hivyo, kwa sababu dramu ikipoa inazidi kubana viatu vya breki vilivyo ndani yake. Hayo yanaponzwa na mengine: kebo iliyolegea au kushika kutu, matope ya msimu wa mvua, oili iliyovuja kwenye sili ikalowesha viatu vya breki.

Kisha kuna gia. Gari la manyua, yaani la gia za kubadilisha kwa mkono, likizimwa likiwa kwenye gia, kinachozuia magurudumu ni injini. Ili tairi lizunguke, lazima pistoni ipande na kubana hewa ndani ya silinda. Lakini hewa ile haifungiki moja kwa moja. Inapenya taratibu kwenye ringi na valvu, nguvu yake inapungua, pistoni inavuka kilele, na gari linasogea kidogo, labda chini ya hatua moja. Linasimama tena silinda nyingine ikianza kubana. Baada ya muda linasogea tena. Kaa kimya karibu na lori kuukuu lililoachwa kwenye gia mteremkoni, utaliona likijivuta hivyo. Injini ikiwa imechoka na mteremko ukiwa mkali, vihatua hivyo vinaungana na kuwa mwendo. Ndiyo maana gia ya kuegeshea ni namba moja au rivasi. Aliyeacha namba nne ameliacha gari likishikwa na nguvu ndogo mno.

La tatu ni mzigo. Angalia Fuso inayopakia viazi pale Isyonje. Imefika tupu, dereva amevuta hendibreki, gari limetulia tuli. Vijana wanaanza kupandisha magunia. Kila gunia linaongeza uzito unaolivuta gari chini, wakati hendibreki ni ileile iliyovutwa kwa gari tupu. Saa moja baadaye lori lina tani kadhaa zaidi, na hakuna aliyegusa chochote. Hali ni hiyohiyo kwa mbao za Mafinga na ndizi za Rungwe. Anayepakia kwenye mteremko aweke mawe au kabari kwenye matairi kabla gunia la kwanza halijapanda.

"Nikishaweka P nimemaliza"

Magari mengi yanayotoka Japani ni ya otomatiki, na madereva wengi wa mjini hawakumbuki mara ya mwisho walipovuta hendibreki. Wanaamini P, alama ya kuegeshea kwenye mkono wa gia, ni breki. Kilichopo ni kipande kidogo cha chuma ndani ya gia kinachoingia kama jino katikati ya meno ya gurudumu la gia na kulizuia lisizunguke. Uzito wote wa gari unaegemea jino hilo. Likiwa limechakaa, au gari likigongwa kidogo na jirani anayetafuta nafasi, linaweza kuruka.

Dalili unaijua: asubuhi ukitoa P inakuwa ngumu, kisha inatoka kwa mshindo. Huo ni uzito uliolala juu ya jino usiku kucha. Mpangilio mzuri ni kukanyaga breki ya mguu, kuweka N (gia huru), kuvuta hendibreki, kuachia mguu polepole hadi gari lilale kwenye hendibreki, na hapo ndipo uweke P. Jino linabaki kuwa msaada wa pili.

Kuna hatari nyingine ambayo haitokani na mteremko kabisa. Mkono wa gia unaweza kuonekana uko P na kumbe umeishia katikati ya P na R, yaani rivasi. Injini ikiwa inanguruma, mtikisiko kidogo unaurudisha kwenye rivasi, na gari linaondoka kwa nguvu zake huku mwenyewe anafungua geti. Haya yameandikwa vizuri Marekani. Mwaka 1980, baada ya malalamiko mengi ya magari yaliyoruka kutoka P kwenda rivasi, Ford ilikubaliana na serikali kutuma stika za tahadhari kwa wamiliki wa magari takriban milioni 23. Mwaka 2016 Fiat Chrysler, watengenezaji wa Jeep, iliita magari takriban milioni 1.1 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu mkono wake wa gia ulikuwa unarudi katikati kila mara, na madereva walikuwa wanashuka wakidhani wameweka P. Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, akiwa na miaka 27, alibanwa na kuuawa na Jeep Grand Cherokee yake mwenyewe nyumbani kwake Los Angeles. Gari hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa. Kwa hiyo usishuke injini ikiwa inaunguruma, hata kama ni geti tu. Na wenye magari ya haibridi, yale ya petroli na umeme, wawe makini mara mbili, kwa sababu gari linaweza kuwa kimya kabisa likiwa bado kwenye D, gia ya kwendea mbele.

"Upepo ukiisha, lori linaachia"

Kwa malori mengi ya sasa ni kinyume. Breki ya kuegeshea ya lori la upepo, yaani lenye breki za hewa iliyobanwa, hubanwa na springi nzito. Upepo kazi yake ni kuisukuma springi ili breki iachie. Upepo ukishuka hadi kati ya psi 20 na 45 kwenye geji, springi inabana yenyewe. Ndiyo sababu lori lililopoteza upepo njiani hung'ang'ania barabarani, hata pale mlima Kitonga ambapo foleni nyuma yake inakuwa haivumiliki.

Sasa mbona malori ya upepo nayo huondoka? Kwanza, wapo madereva wanaosimama kwa kuvuta breki ya tela peke yake, ile ya mkononi. Hiyo inashikwa na upepo, na upepo ukivuja kwenye hosi inaachia pole pole. Tela la zamani lisilo na springi, likifunguliwa na kuachwa limeshikwa na upepo uliobaki kwenye tangi lake, ni hivyohivyo. Pili, na hili linaniuma zaidi kwa sababu linazuilika kirahisi: lori likikwama bila upepo, fundi huingiza boliti nyuma ya chemba, kopo linalobeba springi hiyo, na kuikaza ili springi irudi na lori livutwe. Kazi ikiisha boliti ile inatakiwa ilegezwe na kutolewa. Ikisahaulika, gurudumu lile halina tena breki ya kuegeshea. Dereva atavuta swichi, atasikia "pshhh", ataridhika. Ule mlio unamwambia kwamba upepo umetoka. Haumwambii kwamba viatu vimebana.

Breki zikiwa za moto sana baada ya kuteremka mlima mrefu, springi kuzibana muda huohuo kunaweza kuharibu dramu. Tafuta tambarare, weka kabari, ziache zipoe kwanza.

"Nimevuta hendibreki na liko kwenye gia, naweza kupiga jeki"

Hapa watu wanaumia wakiwa chini ya gari. Kwenye diferensho, gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya ekseli moja, tairi moja likiinuliwa, lile la upande wa pili linapata uhuru wa kuzunguka: la chini linaenda mbele, la juu linazunguka nyuma. Kwa hiyo gia, au P, haishiki tena ekseli ile. IST inaendeshwa na matairi ya mbele. Ukiinua moja la mbele, limebaki kushikwa na hendibreki ya nyuma peke yake. Baadhi ya malori ya kati, kama Canter, hendibreki yake inabana shafti nyuma ya gia. Ukiinua tairi moja la nyuma umepoteza hendibreki na gia kwa pamoja, na lori litadondoka kwenye jeki.

Wenye Land Cruiser na magari mengine ya fowili wakumbuke ule mkono mdogo wa pili. Ukiwa kwenye N, gia kubwa haina uhusiano wowote na matairi, hata uweke namba moja au P. Kabla ya jeki, utingo aweke mawe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Akimaliza ayatoe barabarani, kwa sababu jiwe linaloachwa kwenye lami usiku linamsubiri mwenye bodaboda.

"Gari lililozimwa haliwezi kwenda kwa nguvu yake"

Linaweza, kwa umbali mfupi. Stata ina nguvu ya kutosha kulisukuma gari la manyua lililo kwenye gia. Waya ukichunika na kugusana, au swichi ya stata ikiganda, gari linaruka mbele bila mtu ndani. Tahadhari pia na alamu zenye kuwasha gari kwa rimoti zilizofungwa kwenye gari la manyua. Ukibonyeza ukiwa sebuleni, nje gari linaruka. Na watoto wasiachwe ndani na ufunguo.

"Hapa ni tambarare" na "likianza kwenda nitalidaka"

Macho hudanganya, hasa milimani. Huko Kituluni, Machakos nchini Kenya, watu huenda kuangalia magari yakionekana kupanda kilima yenyewe; kinachotokea ni kwamba sura ya ardhi inayozunguka inafanya mteremko uonekane mpando. Kwenye lami, mteremko wa asilimia mbili, ambao jicho halitaustukia, unatosha kulitoa gari lisiloshikwa.

Fanya hesabu. Gari la kilo 1,000 kwenye mteremko wa asilimia 5 linavutwa chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50. Lori lenye tani 56, ambazo ni kikomo cha Afrika Mashariki, linavutwa kwa tani 2.8. Mwanzoni linakwenda taratibu, taratibu inayokuita ulikimbilie. Ndani ya mita 50 limeshapita kilomita 20 kwa saa. Hakuna kifua wala bega la kuzuia hilo. Piga kelele, ondoa watu mbele, usiingie kati ya gari na ukuta.

Kinachosaidia ni usukani uliokatwa mapema. Ukielekea chini, kata matairi kushoto, upande wa kingo. Ukielekea juu penye kingo, kata kulia, ili likirudi nyuma tairi liegemee kingo. Pasipo kingo kata kushoto, lakini kama kushoto kuna korongo, kama ilivyo sehemu nyingi za kwetu, hapo si pa kuegesha.

"Ni mkono wa mtu"

Sitamcheka anayesema hivi, kwa kuwa aliyeona gari likiondoka baada ya saa mbili za utulivu ana haki ya kushangaa. Ila katika nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi wa nyumba ya jirani hapaswi kubeba lawama ya kebo iliyokatika.

Likitokea, kabla ya kulivuta gari, piga picha: mkono wa gia uko wapi, hendibreki imepanda kiasi gani, matairi yameelekea upande gani. Tazama pale lilipokuwa limeegeshwa. Michirizi ya tairi lililoburuzwa inaonyesha breki ilikuwa imebana ikazidiwa na uzito au utelezi. Pasipo mchirizi wowote, matairi yalikuwa yanazunguka, yaani breki iliachia au haikuvutwa. Fundi afungue dramu au diski aone viatu na pedi kabla ya kukaza kebo, maana kebo iliyokazwa juu ya viatu vilivyoisha itashika siku chache tu. Na kama ni lori la upepo, akague kila chemba kama ina boliti iliyosahauliwa.