Udongo wenye sumu ya shaba: kazi ya nyasi Lubumbashi

Tanuri la kuyeyushia shaba lililowashwa Lubumbashi, mji wa eneo la Katanga kusini mwa Kongo, mwaka 1911 lilitoa moshi wenye shaba, zinki, risasi na kadimi kwa miongo mingi. Pepo za kusini-mashariki ziliusukuma upande wa pili wa mji, na huko, sehemu kama Penga Penga, ardhi ikabaki upara.

Metali haiozi. Bakteria wanaweza kula mafuta yaliyomwagika, lakini shaba itabaki shaba. Kiumbe hai huihamisha au kuifunga tu. Wengi hutamani mmea wa kuinyonya yote. Haumaniastrum katangense, ua linaloota kwenye vilima vya shaba vya Katanga, lilisifiwa hivyo zamani. Majani yalipooshwa vizuri kabla ya kupimwa, ilionekana sehemu kubwa ya shaba ile ilikuwa vumbi juu yake. Kwa shaba, basi, njia tunayoiamini ni kuizuia pale ilipo, kwa nyasi, chokaa na mboji.

Majaribio ya Katanga yalitumia gramu 200 za chokaa ya kilimo au kilo 4.5 za mboji kwa kila mita moja ya mraba. Chokaa hupunguza asidi, na mboji huishika shaba isiingie kwenye maji ya udongo. Changanya na udongo wa juu wiki kadhaa kabla ya mvua za Novemba. Pandikiza mashina ya nyasi yenye mizizi, usimwage mbegu: mche mchanga ndio unaoungua kwanza, ncha za mizizi hunenepa na kuacha kurefuka. Microchloa altera, nyasi ya vilima hivyohivyo, ilistahimili hata bila chokaa. Ukoka ulihitaji msaada wa chokaa au mboji.

Kazi huharibika kwa mambo yanayozuilika. Moto wa kiangazi huacha udongo wazi, na vumbi linarudi majumbani. Mbuzi wakilishwa hapo, au lengalenga (mchicha) ikipandwa, metali inaingia kwenye chakula, weka uzio. Na pasipo kupima maabara usimwage chokaa: kama kuna aseniki, sumu nyingine ya udongo, chokaa inaweza kuilegeza iingie majini. (Aseniki ina mmea wake wa kuinyonya, jimbi Pteris vittata, ambalo hukatwa majani na kuondolewa kama taka za sumu.)

Pima pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, kila mwaka. Ikishuka chini ya 5.5, ongeza chokaa.